Mchezo wa Sakafuni Katika Nyumba ya Eda

Nyuma ya soko la Ukunda kuna fundi anayeshona magodoro ya sumba, na sumba ikinyeshewa ina harufu yake: makumbi ya nazi, jasho la watu, na kitu kama mbwa aliyelowa. Wenzangu hukunja pua wakipita. Mimi wiki iliyopita nilisimama pale nimepigwa na butwaa, mpaka fundi akaniuliza, "Dada, wataka la futi ngapi?" Nikamwambia nanusa tu. Akanitazama kwa huruma, jinsi anavyotazamwa mtu ambaye nyumbani kwao hawajajua bado kwamba ametoka peke yake, kisha akarudi kwenye sindano yake. Hakujua kwamba mwezi huo tulikuwa tumemzika Mama Mdogo Riziki, wala kwamba mimi nililelewa juu ya magodoro ya namna ile, kichwa chini miguu juu.

Mama Mdogo alikuwa mdogo wake mama yangu. Yeye na mumewe, Baba Mdogo Bakari, walikuwa wanasarakasi. Jioni gari la hoteli liliwachukua pale kijijini kwetu Mwabungo likawapeleka Diani kuwachezea wageni waliokwisha kula wakashiba. Tulijua wanapinduka na kupigiwa makofi, lakini mchezo wenyewe hatukuwahi kuuona, maana mtoto wa kijijini haingii hotelini. Bawabu wa getini alitujua kwa sura, mmoja mmoja, na hata kuchungulia hakuturuhusu. Kwa hiyo mimi niliyejisifu darasani kwamba mama yangu mdogo ni nyota, nilijisifia kitu nisichokijua, kama watu wengi wajisifuo.

Alichotufundisha sisi wasichana kilikuwa kingine. Katika chumba cha wafanyakazi wa hoteli palikuwa na televisheni, na humo aliwahi kuwaona wanawake wa jimnastiki wakicheza sakafuni, mmoja mmoja, kwa muziki usio na maneno. Alirudi nyumbani kama aliyeona malaika. Wenzake waliotazama naye walisifu kuruka. Yeye alipendezwa na kile kilichokuwa katikati, kati ya kuruka na kuruka, pale mchezaji anapotembea tu, anapogeuza shingo, anapoinua mkono ukaona mkono umepata habari mbaya. "Kupinduka hata mbuzi hupinduka," alikuwa akituambia. "Mtu hujulikana kwa anavyokwenda kupinduka."

Basi alasiri, baada ya masomo, tulikuwa na sakafu yetu katika uwanja wa shule. Baba Mdogo ndiye aliyeyabeba magodoro begani, akayatandika, akazungusha kamba ya katani kuwa mraba. Kona moja ilielekea mkorosho, moja jiko la shule, moja bomba la maji, na ya nne goli. Ukikanyaga nje ya kamba umepoteza. Ukikimbilia konani bila kucheza njiani Mama Mdogo alikuuliza kwa sauti, mbele ya wavulana, kama unawahi choo. Alitaka vidole viwe na akili, na macho yafike mahali kabla ya mguu. Alitaka tuitumie sakafu yote, hata pembe ambazo hakuna anayezitazama. Mimi sikuwa hodari wa kuruka. Nilikuwa mrefu na mwembamba, na nikipinduka nilitua kama mwiko ulioanguka jikoni. Baba Mdogo akicheka husema, "Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma," kisha hunishika mabega akanionyesha namna ya kukunja magoti. Lakini katika kutembea, katika yale ya katikati, hakuna aliyenishinda, na Mama Mdogo aliliona hilo akanichagua.

Mara moja, kando ya bomba, nilimkuta Baba Mdogo amesimama anajisugua kifua kwa kiganja. Aliponiona alinikonyeza. "Muhogo huo," alisema. "Nimekula kama mwenye shamba." Nikacheka, kwa kuwa kweli alikuwa mlaji.

Alifariki kabla ya mvua za masika. Alirudi kutoka kazini, akaketi kizingitini kuvua viatu, akavua kimoja. Watu walisema moyo. Nakumbuka nyumba iliyojaa wanawake, nakumbuka sufuria kubwa za matanga, na nakumbuka nilivyokuwa nikimtazama Mama Mdogo ili nijue nifanye nini. Wazee husema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Sasa mfiwa mwenyewe hakulia. Aliketi kwenye mkeka amejifunika, mkavu wa macho, nasi watoto tukakosa pa kuanzia. Nikala pilau ya matanga, nikashiba, nikaenda kulala.

Kisha akaingia eda. Wa huku kwetu hamhitaji kuelezwa, lakini watoto wetu siku hizi huuliza: mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hajitii manukato, hatoki ila kwa dharura, haonekani na wanaume wasio wake. Mamake Baba Mdogo, Bibi Mwanajuma, alihamia pale kukaa naye. Wawili hao, mmoja kapoteza mume, mwengine kapoteza mwana, walikaa chumba kimoja wakipokezana tasbihi. Mimi nilielewa eda kama nilivyoelewa surua. Mtu huingia akaugua, muda ukifika hutoka, na mambo hurudi kama yalivyokuwa. Nilikuwa darasa la nne na sikuwa mjinga, lakini hakuna aliyenisahihisha.

Uwanjani kamba ilikuwa imekunjwa. Mwalimu Karisa, aliyesimamia michezo ya shule, alijaribu kutufundisha yeye, masikini, lakini alikuwa mtu wa kandanda. Alipotuonyesha jinsi ya kuinua mkono kwa madaha wavulana walicheka mpaka wakaketi chini. Na kisimani nilisikia wanawake wakisema Riziki hatapinduka tena, ya hoteli yamekwisha, maji yakimwagika hayazoleki. Niliumia. Nilimpenda Mama Mdogo kuliko nilivyompenda mtu yeyote, na nilimpenda zaidi akiwa pale ndani ya kamba, amefunga leso kiunoni, anatukemea. Nikaazimia kumrudisha.

Nikaanza kwenda kwake kila siku nikitoka chuoni, msahafu bado mkononi. Siku za mwanzo niliketi tu. Kisha siku moja, Bibi Mwanajuma akiwa uani anachambua mchele, Mama Mdogo alinitazama muda mrefu akaniambia, "Funga mlango."

Alikuwa ameketi kwenye mkeka. Hakuinuka. Alitoa mkono wa kulia, akasimamisha vidole viwili juu ya mkeka kama miguu ya mtu mdogo, na vile vidole vikaanza kutembea. Vilitembea polepole kutoka ukingo mmoja, vikageuka, vikasita, vikapiga gurudumu, vikaenda mpaka kona ya pili. Naapa niliona mtu. Niliona mpaka mabega yake. Mkono wa kushoto aliuweka chini, kiganja juu, umetulia, na mara kwa mara vile vidole vilirudi pale, vikalala chali juu ya kiganja, vikakaa kidogo, vikainuka tena. Nikadhani mkono ule wa kushoto ni alama ya kona.

"Umeona?" aliniuliza.

"Nimeona."

"Basi simama ufanye."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa mchezo mzima. Chumba kilikuwa kidogo, kwa hiyo kitanda kilikuwa kona ya mkorosho, mtungi wa maji kona ya jiko, mlango kona ya bomba, na sanduku la nguo kona ya goli. Pa kuruka hapakuwapo. Mama Mdogo alisema, "Hapa utaruka mara mbili," nami naitika. Tulichokifanya humo ni yale ya katikati. Redio ilikuwa imefungwa tangu msiba, maana nyumba ya eda haina muziki, basi nilicheza kwa kimya, nikisikia nyayo zangu na mchele wa Bibi ukipepetwa uani.

Siku ya tatu au ya nne Bibi alifungua mlango akanikuta nimepinda mgongo kama upinde, mguu mmoja hewani.

"Riziki! Nyumba ya eda yachezwa ngoma?"

"Hapana ngoma, mama. Yuwajinyoosha tu."

"Yuwajinyoosha? Na mkono huo aupungia nani?"

Bibi alinitazama mimi, akatazama upande ule niliokuwa nimenyoosha mkono, penye mlango, pasipo na mtu. Uso wake ukabadilika. Akavuta leso juu ya macho akatoka. Niliogopa, nikajua nimemuudhi na kesho nitafukuzwa. Lakini kesho yake alinifungulia mlango mwenyewe, nikamwambia shikamoo, akaniitikia marahaba, na tangu siku hiyo alikuwa akikaa nje kizingitini, mgongo kwetu, kama mlinzi, asiingie mtu akatuona.

Mahali pagumu palikuwa patatu. Hapo Mama Mdogo alinitaka nilale nyuma polepole, mguu mmoja umeinuka, mpaka nifike pale ambapo mwili unasema sasa naanguka, na nikae hapo. Nisishuke chini, nisirudi juu. "Kaa," alikuwa akiniambia. "Kaa hapo. Umestarehe. Huna wasiwasi." Tumbo langu linatetemeka, jasho linaniingia masikioni, na yeye anataka uso ulostarehe! Kisha, baada ya muda ambao hakuna aliyeuhesabu, huniambia, "Haya, inuka," lakini niinuke kama ninayeinuliwa, kifua kwanza, kichwa mwisho.

Nilijipa maelezo yangu. Kwa kuwa mchezo wa sakafuni una muziki, na sisi hatukuwa na muziki kwa sababu ya msiba, niliamua kwamba yale mapengo ni mahali muziki utakapoingia. Yaani Mama Mdogo ameacha nafasi, kama mshonaji anavyoacha pindo. Muziki utakapowekwa, ndio utakaonishika nikilala, na ndio utakaoniinua. Nilifurahi sana kuligundua hilo peke yangu. Nilimwambia mpaka mama, akasema, "Mashallah," huku akikuna nazi.

Siku moja Mama Mdogo aliniketisha karibu yake. "Sikiza, mwanangu," alisema. "Mwalimu wenu atawapeleka Mombasa kwenye mashindano ya shule. Nataka uucheze huu, wote, kama ninavyokuonyesha. Usipunguze. Nataka kujua kama unachezeka."

"Unachezeka, Mama Mdogo."

"Humu chumbani. Sijui ukitoka nje."

Nikauliza lile nililotaka kuuliza siku zote. "Ukichezeka, utarudi uwanjani?"

Kutoka kizingitini Bibi Mwanajuma alikohoa. "Ukichezeka," alisema Mama Mdogo, "nitarudi."

Mimi nikaelewa kwamba napewa mtihani. Nilidhani shaka yake ni juu ya mgongo wangu.

Mombasa ukumbi ulikuwa na zulia la buluu lenye kudunda, la kwanza nililowahi kulikanyaga, na lilinirusha hata nisipotaka. Pembeni waliketi waamuzi, na kwa kuwa zamu yetu ilikuwa ya wasichana tu sikuona haya. Mwalimu Karisa alikuwa amenitafutia muziki wa udi na ngoma ndogo. Ulipoanza, moyo uliniruka: muziki huo, hatimaye! Nilitembea. Hakuna aliyetembea kama mimi siku ile, nasema bila kujisifu, maana nilisikia ukumbi umenyamaza. Niligeuza shingo, nikainua mkono, nikafika mahali pa kwanza, nikalala nyuma, nikangoja muziki unishike.

Muziki ulipita zake. Haukunishika. Nilijiinua kwa nguvu za tumbo, kifua kwanza, kichwa mwisho, nikaendelea. Mahali pa pili vilevile. Mahali pa tatu nilikuwa nimechoka, nikalala nyuma, nikakaa, nikastarehesha uso, na mgongo ukaniacha. Mkono ukagusa zulia. Nilimaliza, nikainamisha kichwa, nikatoka wa nne, na wa nne hapewi kitu.

Mmoja wa waamuzi, mama wa bara mwenye sauti ya upole, alinifuata nikiwa navaa viatu. "Uko na kipaji, mrembo," aliniambia. "Lakini hiyo ni ya watu wawili, si ndiyo? Mwenzako ako wapi?"

"Ni yangu peke yangu," nilimjibu.

Alimtazama Mwalimu Karisa. Mwalimu Karisa akatazama chini.

Nilirudi Mwabungo nikaingia kwa Mama Mdogo hata kabla sijaoga. Alikuwa ananingoja, alinitandikia mkeka. Nikamwambia yote, mpaka mkono ulivyogusa zulia, na nikamwambia, kwa hasira kidogo, kwamba kuna mama mmoja kauliza mwenzangu yuko wapi.

Mama Mdogo akafunga macho. Bibi Mwanajuma, kutoka mlangoni, bila kugeuka, akasema, "Mwambie, Riziki. Ushambebesha, mwambie."

"Tulikuwa tukicheza mimi na baba yako mdogo," alisema Mama Mdogo. "Hotelini. Mwisho wa yote, taa zikipunguzwa. Nililala mkononi mwake. Hapo unapolala wewe, hapo palikuwa na mkono." Akatoa ule mkono wa kushoto akauweka kwenye mkeka, kiganja juu, na safari hii nikauona ulivyo. "Nilitaka nione kama kuna namna ya kuucheza na mtu mmoja. Ndiyo kazi ninayoijua."

"Alikuwa akiumwa kifua tangu Ramadhani," alisema Bibi. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Aliniambia mimi, kwake yeye akanikanya nisiseme. Alisema, mama, Riziki akijua ataogopa kuniegemea, na akiogopa ataanguka."

Niliona kwamba Bibi alikwisha kumwambia siku nyingi, na kwamba walichokuwa wakipokezana si tasbihi tu. Nami nilikuwa nimejua sasa, kama mtoto anavyojua jibu la hesabu. Bado sikulia. Nilichouliza ni, "Kwa hiyo utarudi?" Mama Mdogo alinivuta akaniweka kichwa changu pajani pake, akaanza kunifumua nywele zilizosukwa kwa mashindano.

Eda iliisha. Wanawake walikuja wakamuogesha, wakamsomea dua, akavaa nguo mpya, akatiwa udi baada ya miezi mingi. Siku chache baadaye, alasiri, tuliambiana sisi wasichana kwamba Mama Mdogo anakuja uwanjani. Tuliyabeba magodoro wenyewe, wanne wanne kwa kila moja, tukazungusha kamba mpaka ikawa mraba. Alikuja. Leso kiunoni. Wenzangu wakapiga vigelegele vya kitoto, vikamchekesha.

"Haya," aliniambia. "Nionyeshe ulivyowachezea Mombasa."

Nilicheza kwa kimya, kama tulivyozoea. Mahali pa kwanza nilikaa. Pa pili nilikaa. Alikuwa amesimama nje ya kamba, mikono imefungwa kifuani, na midomo yake ikitembea pamoja nami. Nilipofika pa tatu, nikalala nyuma, nikafika pale ambapo mwili unaanza kuanguka, na nikasikia amevuka kamba. Kiganja chake kikaingia chini ya mgongo wangu.

Nikajiachia. Sikujua kama nitajiachia, lakini mwili ulijua. Tumbo likalegea, shingo ikalegea, nikauweka uzito wangu wote mkononi mwake, na kwa mara ya kwanza uso wangu ukastarehe kweli. Mbingu ilikuwa juu yangu na uso wake pembeni. Mkono wake ulianza kutetemeka. Mimi mtoto, mifupa mitupu, na mkono wa mwanamke mwenye nguvu kama yeye ukatetemeka kuanzia kiganjani mpaka begani, lakini hakuutoa.

"Kumbe nilikuwa mzito hivi," alisema. Hakuwa akisema nami. "Na kifua kile. Kila siku. Wala hakusema."

Akaendelea kunishika. Kisha akapiga goti, akanilaza kwenye godoro polepole, kama anavyolazwa mtoto aliyekwisha sinzia, akanirudishia blauzi iliyopanda tumboni. Akainuka. Akavuka kamba, akachukua kanga yake iliyokuwa mkoroshoni, akajitanda, akaenda nyumbani. Hakurudi uwanjani kesho yake wala mwaka uliofuata, na mpaka tunamzika majuzi sikumwona tena akiinua mkono ila kuanika nguo.

Mimi nilibaki pale pale chali, nikimngoja Baba Mdogo aje anishike mabega anionyeshe namna ya kuinuka, na ndipo nikajua kwamba haji. Nililia mpaka nikakosa pumzi. Wenzangu wakadhani nimevunjika mgongo, wakakimbia kumwita mwalimu.